Bukari ya Kumpima Mkwe

Mjini Likasi, mtu akinona hakuna anayemuuliza kitu. Watamwita patron, watampigapiga tumbo kwa heshima, watasema mkewe anajua kazi. Lakini akonde kidogo tu, mwenzangu, ataeleza mpaka koo limkauke na hakuna atakayemwamini. Jeancy alikuwa amekonda. Na Noëlla, aliyetarajia kuwa mke wake kabla mvua hazijaanza, alikwisha kuyasikia maneno sokoni Kikula, kisimani, hata mlangoni pa kanisa, kwamba yule bwana wake ana ule ugonjwa. Hawakuutaja jina. Ugonjwa huo hautajwi jina, unaonyeshwa kwa kidevu tu.

Sasa maneno yalikuwa yameingia mpaka jikoni kwa mama yake.

"Ikala hapa," Mama Élise alimnong'oneza. "Na usitoshe kichwa inje."

Noëlla akaketi kwenye benchi fupi, bega kwa bega na mama yake. Mbele yao pazia la maua lilikuwa limeshushwa, na upande wa pili wa pazia, sebuleni, Jeancy alikuwa ananawa mikono.

Kwa ukoo wa Mama Élise, mwanamume hali kitu nyumbani kwa mama mkwe mpaka siku anapoonyeshwa moto wa nyumba hiyo. Siku hiyo vyungu vinapikwa na bukari, yaani ugali, inasongwa tangu asubuhi, shangazi wa binti anavifunua kimoja baada ya kingine, na mkwe anakula mpaka sahani irudi nyeupe. Ikirudi nyeupe, binti anaitwa atoke, anammwagia maji mikononi, na hapo vigelegele vinapigwa. Mkwe akinawa kabla sahani haijaisha, basi kilichobaki kwenye sahani ndicho alichokikataa kwa binti. Mama mkwe hamtazami mkwe wake akitafuna. Anakaa nyuma ya pazia na binti yake, anasikiliza.

Siku hiyo Mama Élise alikuwa anasikiliza kwa masikio yake yote.

"Minye siko muntu mubaya," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nitamujua kwa mukono wake. Mwenye ile bugonjwa hawezi kumaliza bukari, kinywa kinakataa. Akimaliza, bantu banasema uongo, na minye mwenyewe nitabafunga kinywa. Akishindwa, tunarudisha bintu byao byote bya mahari."

"Mama, hata muntu muzima hawezi kumaliza ile bukari."

"Jeancy ya zamani angemaliza."

Hilo lilikuwa kweli. Jeancy wa zamani angemaliza na kuomba nyingine. Noëlla alikutana naye kwenye shule anayofundisha, Jeancy alipokuja kutengeneza umeme. Lilikuwa jitu la mtu, lenye kicheko kilichotikisa meza ya darasa, na watoto wakacheka kwa kuwa meza inacheka. Alimpenda hapohapo, na tumbo lake na vyote.

Akasogeza macho kwenye upenyo wa pazia. Alimwona kwa ubavu tu. Kola ya shati jeupe ilikuwa imempwaya shingoni, na mfupa wa shavu, ambao zamani hakujua kama upo, ulikuwa unaonekana. Kwa Noëlla hata mfupa huo ulikuwa mzuri. Alitamani kuugusa kwa kidole, na hamu hiyo ilimuuma kwa kuwa katikati yao palikuwa na kitambaa chembamba tu.

Shangazi yake, Tantine Philomène, dada wa marehemu baba yake, alifunua chungu cha kwanza. Kuku, kwenye mchuzi mzito wa karanga. Pembeni akaweka bukari, nyeupe, iliyosongwa mpaka ikang'aa, ya kushibisha timu ya mpira.

"Mukwe, hii njo moto yetu," alisema. "Shiye hatupikiake muntu kidogo."

"Aksanti, Tantine."

"Anakula," Séraphin alisema kwa furaha. Séraphin alikuwa mjomba wa Jeancy, ndiye aliyemleta na ndiye aliyetakiwa kumsemea. "Angalieni namna anakula. Mutoto wetu haogope sahani."

Noëlla alifumba macho. Yeye alikuwa anajua, na Séraphin hakujua. Hakuna ndugu yeyote wa Jeancy aliyejua.

Ilikuwa baada ya upimaji wa afya kazini, kule kwenye tanuru za chokaa upande wa Kakontwe. Jeancy alimngoja nje ya shule, akatembea naye bila kusema mpaka wakafika mbele ya kanisa, ndipo akasimama. Akamwambia daktari amemfunga utepe kiunoni kama fundi wa nguo, akampima tansio, yaani presha ya damu, akamtoboa kidole, halafu akavua miwani. Tansio iko juu. Sukari iko juu. "Lakini amesema bado ni mapema," Jeancy alimwambia. "Nikitosha hii tumbo, nikitembea, nikipunguza mafuta na bukari, inaweza kushuka. Inaweza kushuka na kubakia chini, Noëlla. Ila usiambie mama yako. Niapie."

Akaapa. Kwa nini asimwambie, hawakuhitaji kuelezana. Papa Albert, baba yake Noëlla, aliondoka na sukari. Ilianza na mguu, wakaukata, ikaja kwenye macho, halafu ikamchukua mwenyewe. Siku ya matanga Mama Élise alisema mbele ya watu wote kwamba binti yake hataolewa na mtu mgonjwa, hata awe na dhahabu. Basi fikiria mwenyewe. Uongo wa mtaa ungemnyima Noëlla mume, na ukweli nao ungemnyima. Ndiyo maana alinyamaza.

Chungu cha pili kilikuwa cha samaki wa chumvi. Cha tatu, sombe, yale majani ya muhogo, iliyoelea kwenye mafuta ya ngazi, yaani mawese, mpaka majani hayaonekani. Na pembeni ya vyote Tantine Philomène aliweka jagi la munkoyo, kinywaji cha mahindi, ambacho asubuhi Noëlla alimwona akikimiminia sukari bila kupima.

"Asubui nilikuambia upunguze," Noëlla alimnong'oneza mama yake.

"Na minye nilikuuliza, unamupigania juu ya nini? Haukunijibu."

"Juu ni bwana yangu."

"Haiyakuwa bado bwana yako. Atakuwa kisha kumaliza."

Upande wa pili Jeancy alikuwa amepunguza mwendo. Alikuwa anakata tonge dogo, anachovya kidogo, anatafuna muda mrefu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na hii ilikuwa kipwa, wakati wa baridi, watu wamevaa masweta. Tantine Philomène alikuwa amemkazia macho, mikono kiunoni.

"Mukwe, unachagua kama kuku. Ao chakula yetu iko mubaya?"

"Iko muzuri sana, Tantine. Naomba mayi kidogo."

"Mayi ya nini? Munkoyo iko hapa. Kunywa."

Akanywa. Noëlla aliona koo lake likipanda na kushuka, akajisikia kama yeye ndiye anayemeza. Halafu Jeancy akageuka kidogo, akatazama pazia. Alijua yuko pale. Macho yao yakakutana kwenye upenyo, na kwa kitambo kidogo sebule yote ikawa ya wao wawili tu. Noëlla akatikisa kichwa. Acha. Basi. Jeancy akamtazama, akaielewa ile hapana, kisha akainamisha uso na kukata tonge jingine, kubwa kuliko la kwanza.

Hapo ndipo Noëlla alipoogopa kweli. Mlo mmoja usingemuua, daktari hakusema hivyo. Lakini aliona mambo yatakavyokuwa. Akimaliza leo, siku ya yenga, Jumapili, baada ya misa atapikiwa tena, na atamaliza tena, kwa sababu atakuwa mkwe asiyejua kushindwa. Kuna ubatizo, kuna Noeli, kuna matanga, kuna Tantine Philomène na mikono yake kiunoni. Angekula tonge kwa tonge kwa ajili yake, yeye Noëlla, na watu wangempigia vigelegele mpaka siku ya kumkata mguu. Mapenzi gani hayo?

"Tantine," Jeancy alisema, "naomba mayi. Munisamehe."

Mama Élise, aliyekuwa anapekecha ncha ya kitenge chake, aliacha kupekecha.

"Analomba mayi tena," alisema.

"Samaki iko na chumvi mingi, Mama."

"Samaki njo ile ya kila siku." Aliinua kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Kule sebuleni maji yalimiminwa, na Jeancy akayanywa yote bila kupumua, wakasikia kikombe kikiwekwa mezani kitupu. "Noëlla, baba yako alianza na mayi."

Noëlla akarudisha macho kwenye upenyo.

"Alikuwa anarudi ku kazi anakunywa kama muntu alitoka mu moto. Minye nilikuwa nacheka." Mama Élise akamgeukia, na mkono wake ukamshika goti, si kwa nguvu, lakini haukutoka. "Niangalie. Ule muntu iko na sukari?"

Msinihukumie binti wa watu. Kuapa ni rahisi ukiwa barabarani, jioni imetulia na mpenzi anakushika vidole. Hapa alikuwa na mama yake usoni, mwanamke aliyemlea kwa kuuza maandazi, ambaye hajawahi kumdanganya. Alifungua kinywa aseme hapana, na hapana ikamkwama.

"Noëlla."

"Iko nayo, Mama."

"Sukari?"

Mama Élise hakukusudia kupaza sauti. Lakini ilipita kwenye pazia ikafika mezani, na sebule yote ikatulia.

"Nani iko na sukari?" Tantine Philomène aliuliza.

Mkono wa Jeancy ulikuwa umesimama hewani na tonge lake. Polepole akageuza kichwa, akatazama pazia kwa mara ya pili, na safari hii macho yake yalikuwa na swali moja tu. Noëlla alitamani ardhi impasukie. Lakini hakuinamisha uso. Alimtazama, naye akajua.

Séraphin alicheka kicheko kikavu. "Hapana, ba mama, hapana. Mutoto wetu iko muzima kabisa. Hamuone anakula? Jeancy, maliza. Maliza tu, baba, tuondoe haya maneno."

Ilikuwa njia. Bukari iliyobaki haikuzidi ngumi mbili. Angeimaliza, sahani ingerudi nyeupe, Séraphin angeapa kwa watakatifu wote, na nani angebisha? Noëlla aliona Jeancy akiipima ile bukari kwa macho. Aliona akimeza mate.

Jeancy akalirudisha tonge kwenye sahani. Akavuta bakuli la maji, akatumbukiza vidole, akanawa mwenyewe.

"Yesu Maria," Tantine Philomène alisema taratibu. "Amenawa."

"Ni minye," Jeancy alisema. Hakumtazama shangazi wala mjomba wake. Alikuwa anazungumza na pazia la maua. "Ba mama, najua hamuniangaliake, ni heshima. Nitasema na pazia. Iko minye niko na sukari, na tansio pia. Ilinikamata wakati nilikuwa munene, wakati bote munaniita patron, na hamuna muntu aliuliza kama niko muzima. Leo nakonda, na bote banaulizana. Sikonde juu ya bugonjwa, ba mama. Nakonda juu ya kuikimbia."

"Jeancy, nyamaza," Séraphin alisema, uso umemwiva kwa aibu. "Hata minye mujomba yako hauniambie?"

"Nilificha kwa bote. Noëlla tu njo alijua, na alijua juu nilimuapisha." Akaisogeza sahani kidogo. "Ningeweza kumaliza hii sahani. Sishindwe. Lakini nikimaliza leo, siku ya yenga mutapika tena, na minye nitaona haya tena, nitamaliza tena. Sitaki kukuja mu hii nyumba kwa bukari, nitoke kwa sanduku. Papa Albert alikwisha kutoka vile."

Hapo pazia likavutwa.

Tangu ukoo huo ujue kupika, sijui kama kuna mama mkwe aliyewahi kuvuta pazia siku kama hiyo. Mama Élise alitoka na kitenge chake cha kanisa, akasimama mbele ya Jeancy, akamtazama usoni, mwanamume aliyepaswa kumkwepa. Jeancy akainuka nusu, hajui kama akae au akimbie. Noëlla alibaki mlangoni, ameshika pazia.

"Élise," Tantine Philomène alisema, "mila. Bantu batasema nini?"

"Mila haikunisaidia kuosha ule mguu, Philomène. Na alikuwa kaka yako. Ulikuja siku ngapi?"

Shangazi akafunga kinywa. Ni jambo la nadra, na wote waliliona.

"Ikala," Mama Élise alimwambia Jeancy, naye akakaa. "Ulijua bwana yangu alikufwa na nini, na ukakuja kulomba mutoto yangu?"

"Nilijua, Mama."

"Haukuwa na haya?"

"Nilikuwa na woga. Haya pia. Lakini namupenda, na sikujua namna ya kumuacha. Nilijaribu kidogo, nikashindwa."

Noëlla hakulijua hilo. Alikumbuka wiki ile ambayo Jeancy hakupokea simu, na jinsi alivyolia akidhani kuna mwanamke mwingine.

Mama Élise aliitazama sahani. Aliitazama kwa muda mrefu, bukari iliyobaki, alama za vidole bado ziko ndani yake.

"Bwana yangu," alisema, "alikula kila kitu nilimupikia. Munganga alikataza, yeye alirudi ku nyumba akakula. Nikimuwekea mingi, anakula mingi. Hakusema hapana hata siku moja. Bote balikuwa banasema, ah, Albert anapenda bibi yake." Akajifuta pua na ncha ya kitenge. "Weye, nikikupikia hivi siku ingine, utafanya nini?"

"Nitakula kidogo, kisha nitanawa mukono, Mama."

"Hata nikikasirika?"

"Hata mukikasirika."

"Hata nikilia mbele yako?"

Jeancy alisita. Alikuwa mtu mpole, kumliza mama wa watu hakukuwa rahisi kwake. "Hata mukilia, Mama. Mutanisamehe."

"Na huyu naye akilia?" Alimwonyesha Noëlla kwa mkono, bila kugeuka.

Jeancy akamtazama Noëlla. Bado alikuwa ameumia, ilionekana. Lakini hakuondoa macho.

"Huyu hatalia," alisema. "Huyu njo atanimwangia mayi."

Séraphin aliangalia viatu vyake. Nje, jirani alikuwa anapasua kuni, na kila pigo lilisikika mpaka ndani. Noëlla alitazama mgongo wa mama yake, ule mgongo uliombeba, akangoja. Kama mama angesema hapana, angemfuata Jeancy? Alijiuliza, na jibu lilimtisha, kwa kuwa lilikuja haraka mno.

"Ninaogopa," Mama Élise alisema hatimaye. "Sitadanganya, ninaogopa sana. Labda nitaogopa mpaka siku nitakufwa." Akainama, akaichukua ile sahani pamoja na bukari yake, akampa Tantine Philomène aliyeipokea kama mtu anayepewa moto. "Peleka ku jiko. Funika. Usimwage, tutakula shiye. Noëlla."

"Mama."

"Leta mayi."

Tantine Philomène alisimama na sahani yake. "Lakini sahani haikurudi nyeupe, Élise. Na ameshanawa."

"Amenawa yeye peke. Hamuna muntu alimumwangia."

Noëlla aliingia jikoni, akachukua jagi la bati na beseni. Maji yakamwagika kidogo njiani. Akapiga magoti mbele ya Jeancy, kama alivyofundishwa tangu utoto kwamba siku hiyo itafika, ila hakuna aliyemfundisha kwamba itafika bila vigelegele, na shangazi amenuna, na mwanamume mwenyewe hamchekei.

"Uliapa," Jeancy alinong'ona.

"Niliapa."

"Mbele ya kanisa."

"Njo vile. Na sitakuzika juu ya kiapo." Machozi yalikuwa yanamshuka sasa, akayaacha. "Kama unataka kukasirika, kasirika. Kasirika miaka yote unataka. Lakini uwe muzima wakati unanikasirikia."

Jeancy aliuma mdomo. Kitu fulani kilimpita usoni, si kicheko bado, lakini ni ndugu yake kicheko, na ule mfupa wa shavu ukasogea.

"Mwanga basi," alisema. "Mayi iko baridi?"

"Iko baridi."

Akageuza viganja vyake juu, akavinyoosha, akangoja. Noëlla akamwagia mpaka jagi likaisha.